Bata wa Marehemu na Haki ya Mtani

Siku ya pili ya msiba wa mke wangu, mchungaji alinawa mikono pamoja na bata. Beseni lilikuwa mlangoni kwa ajili ya waombolezaji, na bata alikuwa ameshaingia. Alikuwa ameinamisha kichwa chini ya maji, mkia juu, miguu inapigapiga, kama wafanyavyo bata wa aina yake wakitafuta chakula. Mchungaji aliutazama ule mkia kwa muda. Kisha akakunja mikono ya shati, akanawa upande mmoja wa beseni, akasema, "Bwana asifiwe." Sikujua anamwambia nani kati yetu. Nikajibu "Amina" kwa niaba ya wote wawili.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyekuwa anasimamia msiba. Alinivuta kando.

"Shemeji, mtoe huyo ndege. Watu wanatuona."

"Lile ni beseni lake," nikamwambia. "Sisi ndio tumeazima."

Alinitazama kama mtu anayepima homa kwa macho. Lakini nilikuwa nimesema kweli. Beseni lile la bluu lilikuwa la bata kwa miaka miwili, na hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba kuna msiba.

Nieleze alivyofika nyumbani.

Tulikuwa tunalima mpunga hapa Bahi, mke wangu na mimi, majaruba matatu kandokando ya mbuga. Mwaka wa mvua nzuri mbuga inajaa maji, na bata wa porini wanakuja. Wanaokuja kwa wingi ni hawa wadogo, wenye kofia ya kahawia kichwani, mashavu meupe na mdomo mwekundu kama mtu aliyeanza kujipamba kwa ajili ya harusi akaishia mdomoni. Mchana wanashinda majini wanainama na kuinuka. Jua likizama wanahamia kwenye mpunga wa watu. Hawali kwa fujo kama kwelea. Wanakula kwa utulivu, kama wageni waliokaribishwa, na hilo ndilo linaloudhi.

Kazi ya kuamia ndege ilikuwa yangu. Wenzangu hupiga kelele na kugonga madebe. Mimi sina sauti, tangu utotoni. Nilikuwa na kombeo, kipande cha ngozi chenye kamba mbili ndefu: unaweka jiwe, unazungusha, unaachia kamba moja. Kwa miaka yote nililitumia kutisha tu. Sikuwahi kumpiga ndege hata mmoja, na ndege walilijua hilo.

Jioni moja nikampiga. Kundi liliruka, mmoja akabaki anazunguka juu ya maji kwa bawa moja, akaanguka kwenye jaruba la pili. Nilikimbia nikiwaza mboga. Mke wangu, ambaye alikuwa ananiletea chai kwenye chupa, alikuwa karibu zaidi. Alifika kabla yangu, akamnyanyua, akaangalia juu.

"Mwewe!" alisema. "Mwewe amemvunja huyu. Shetani mkubwa!"

Angani hapakuwa na mwewe. Nilisimama mbele yake, mkono wa kulia na kombeo nyuma ya mgongo. Nikasema, "Eh."

Hilo "eh" ndilo uongo mkubwa niliowahi kusema katika ndoa yangu, na lilikuwa na herufi mbili tu.

Alimfunga bawa kwa kipande cha kitenge na vijiti vya fagio. Alimpa pumba, mchele uliovunjika, na beseni la bluu. Bawa lilipona limepinda, akawa anaruka mpaka usawa wa paa tu na kutua upande. Watu walisema tumempata mtoto, kwa kuwa hatukujaliwa. Si kweli. Mtoto humwachi kwenye beseni siku nzima.

Kila asubuhi mke wangu alitoka na pumba, mkono wa kushoto kiunoni kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua, akimwita, "Njoo mama, njoo, mwewe asikuone." Kisha aliinua ngumi juu na kumtukana mwewe. Mwewe yeyote. Akipita mwewe aliokota jiwe na kumrushia, na mara nyingine alinipa na mimi jiwe. Nilirusha. Kwa miaka miwili niliwarushia mwewe mawe kwa kosa langu mwenyewe. Sikuwahi kumpata hata mmoja, na ninashukuru.

Tulikubaliana kwamba mbuga ikijaa tumrudishe bata kwao. Lakini misimu miwili ikapita mbuga haikujaa. Palikuwa na matope, kisha nyufa, kisha ng'ombe wa watu wakipita katikati. Bata aliendelea kuinama kwenye beseni akitafuta chini kitu ambacho hakikuwepo.

Mke wangu aliugua siku nne. Presha. Siku ya tatu aliniita nikainamisha sikio. Nilitegemea maneno ya mume na mke. Akasema, "Bata usimle. Maji yakija, mpeleke kwao." Baadaye nililala nikiyahesabu. Aliniachia maneno sita, na yote yalikuwa ya bata. Sitaficha kwamba iliniuma.

Sasa niseme habari ya mtani wetu.

Sisi ni Wagogo, na Wanyamwezi ni watani wetu. Zamani babu zao walipita nchi hii wamebeba mizigo ya misafara, na babu zetu wakawatoza hongo ili wanywe maji ya visima vyetu. Toka hapo tunachekana. Kwenye msiba mtani ana haki zake: anamwiga marehemu, anazuia shughuli, anachukua kitu cha nyumbani akasema ni chake. Humkasirikii. Ukikasirika umemvunjia heshima marehemu. Humnyang'anyi. Unakikomboa kitu chako kwa kitu kingine, au kwa maneno yanayozidi ya kwake. Usipoweza, kimekwenda.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mama mmoja Mnyamwezi, rafiki wa mke wangu wa kuchota naye maji na kugombana naye. Wakikutana wawili wale, mtaa mzima ulisimama kusikiliza. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kigoda nikitabasamu. Katika nyumba yetu utani ulikuwa idara ya mke wangu.

Siku ya mazishi mama huyo alilia kuliko ndugu wote. Kisha, kabla jeneza halijashushwa, akaingia yeye kaburini, akajilaza.

"Pamebana!" alipiga kelele kutoka chini. "Marehemu alikuwa na nyonga! Nyie Wagogo mmechimba la kuku?"

"Toka basi, mtani," shemeji aliomba.

"Sitoki. Kuna kivuli huku. Leteni soda."

Soda ilishushwa. Aliinywa humo humo akiwa amelala, akarudisha chupa, kisha akanyoosha mikono avutwe. Wachimbaji walikuwa wanacheka na machozi yanawatoka, na ndivyo inavyotakiwa.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuanua matanga. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka uani, nyama inachemka, na shemeji alikuwa ameanza kumzunguka bata.

"Shemeji," aliniambia, "huyu leo anafaa. Ana supu ya watu watatu."

"Wawili," alisema mzee mmoja aliyekuwa amelala, bila kufungua macho.

"Marehemu alisema asiliwe," nikasema.

"Marehemu alikuwa mgonjwa. Mgonjwa anasema mengi."

Tulikuwa hapo wakati mtani alipotokea ndani ya nyumba yangu. Alikuwa amevaa kanga ya mke wangu, kilemba cha mke wangu, na viatu vya mke wangu vya kanisani, ambavyo vilikuwa vidogo kwake, kwa hiyo alitembea visigino vikiwa nje. Alipita mbele ya shemeji, akainama kwenye beseni, akamchomoa bata kwa mkia kama anayechomoa karoti, akambana kwapani. Kichwa cha bata kilitokea mbele, chenye mdomo mwekundu, kikitazama watu.

"Haki yangu hii," alisema. "Babu zenu walikunywa jasho la babu zangu kwa ajili ya kikombe cha maji. Leo nachukua kilichokuwa ndani ya maji. Nitamla na wali wa jaruba lenu wenyewe."

Shemeji alisimama. "Huyo ni wa familia!"

"Familia gani? Ulikuwa unamkoleza chumvi kwa macho. Nimekuona!"

Watu wakacheka. Shemeji akakaa. Mtu aliyeshindwa na mtani hakai vizuri, anakaa kama aliyepungukiwa na mkeka.

Nikabaki mimi. Kila mtu alijua. Niliinuka, nikaenda bandani, nikarudi na jogoo wetu mkubwa.

"Mtani, pokea huyu, nirudishie bata."

"Jogoo ninao wawili, na wote wanawika kukushinda wewe." Alimweka bata vizuri kwapani. "Sikiliza, Mgogo. Nyumba hii ilikuwa na mtu mmoja anayejua kusema, na mmemzika juzi, nilikuwepo, nilipima mwenyewe. Kama mmebaki na mtu mwingine mwenye ulimi, ajitokeze. Kama hakuna, nakwenda kubandika sufuria."

Nilikumbuka jinsi mke wangu alivyokuwa anaanza. Alikuwa anaanza na mizigo. Nikakohoa.

"Babu yako," nikasema, "alibeba mzigo."

Watu wote mikekani wakanigeukia.

"Mzigo gani?" mtani aliuliza.

Nilifikiri. "Sijui," nikasema.

Yule mzee aliyelala alifungua macho.

"Wa nani?"

"Sijui pia. Nilisoma mpaka darasa la saba, na hawakutaja wenyewe."

Kuna waliocheka, lakini walicheka wakinionea huruma, na hicho si kicheko cha kukomboa bata. Mtani alitikisa kichwa. Alimtoa bata kwapani, akampakata, kisha akaweka mkono wa kushoto kiunoni. Akaanza kutembea.

Alikuwa ni mke wangu. Sijui niseme vipi zaidi. Mgongo ule, hatua ile ya kuvuta kidogo mguu, shingo ile. Watu waliokuwa wanacheka waliacha. Alimwendea kila mtu mkekani akimwonyesha bata, akisema kwa sauti ya asubuhi zangu zote, "Njoo mama, njoo, mwewe asikuone." Alipofika mbele yangu aliinua ngumi juu. "Shetani mkubwa! Umemvunja mtoto wa watu bawa! Mume wangu, okota jiwe, mpige huyo mwewe!"

Na mwewe walikuwepo, wawili, wanazunguka juu ya sufuria za nyama.

Mkono wangu uliokota jiwe. Sikuuamuru. Nililishika, nikaangalia juu, nikashindwa.

"Hakuna mwewe," nikasema.

"Wapo wawili, kipofu wewe."

"Siku ile hapakuwa na mwewe. Nilimpiga mimi. Kwa kombeo. Nilitaka mboga. Wewe ukasema mwewe, na mimi nikasema eh."

Nilimwambia yeye, yaani mke wangu, aliyekuwa amevaa viatu visivyomtosha. Nilisahau kwamba kuna watu. Nikaendelea. Nikamwambia kwamba nimewarushia mwewe mawe miaka miwili, kwamba kila asubuhi nilikuwa napanga kusema, na kwamba nilikuwa nangoja mbuga ijae, bata aende zake, ndipo nisafishe roho. Nikasema mvua ndiyo iliyoniangusha.

Mtani hakutikisika. Alinitazama, bata naye akanitazama, akiwa amegeuza kichwa upande kwa sababu jicho la bata liko pembeni.

"Ulidhani sijui?" alisema, bado kwa sauti ile. "Kombeo ulilificha mgongoni, kamba zikaning'inia mpaka kwenye vigimbi vya miguu. Nilimwona mume wangu ana mkia. Nikajiuliza, huyu naye ni bata?"

Yule mzee ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashikwa mabega. Kisha uwanja wote. Shemeji alijigaragaza kwenye mkeka. Mchungaji alitoa leso, akajifunika uso mzima, na leso ilikuwa inatetemeka. Mtu alisema "mkia!" wakaanza upya. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba kilichokuwa kinatoka si kicheko, lakini hakuna aliyetofautisha, hata mimi sikutofautisha vizuri.

Mtani alinikabidhi bata.

"Chukua. Mtu aliyemwogopa mkewe kiasi hiki hawezi kumla bata wake. Lakini deni la mwewe bado. Umewasingizia. Waombe radhi."

"Nani?"

"Wale pale juu. Mbele ya mashahidi."

Nikasimama katikati ya uwanja, bata mkononi, nikainua uso. "Mwewe," nikasema, "mnisamehe."

"Amina," waombolezaji wakajibu.

Mwewe mmoja alishuka akachukua kipande cha nyama kwenye sinia la shemeji. Tulikubaliana kwamba amepokea.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Mbuga ilijaa mpaka njia ya kwenda majarubani ikakatika, na ilibidi nizungukie barabarani kwa bodaboda. Nilimtia bata kwenye tenga, nikalipakata.

"Mzee, shikamoo," kijana wa bodaboda alisema. "Hiyo ni kuku?"

"Marahaba. Bata."

"Wa kuuza?"

"Namrudisha kwao."

Alikwepa madimbwi matatu. "Sasa mzee," alisema, "si ana mabawa?"

"Moja limepinda."

"Na hilo jingine?"

Nilikaza mikono kwenye tenga. Tuliendelea hivyo hivyo.

Nilimwachia ukingoni. Alisimama kwenye matope kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Maji yalikuwa mengi mno kwake. Alitafuta kingo za beseni, hakuziona. Akaingia, akaogelea duara dogo, sawa kabisa na ukubwa wa beseni, mara tatu, nne. Kisha duara likapanuka. Kisha akainama, mkia ukasimama, na alipoinuka mdomoni alikuwa na kitu. Sikuona ni kitu gani. Lakini kule chini, safari hii, kilikuwepo.

Nilisema, "Nimekuleta," nikaondoka. Nilikuwa nimetimiza maneno yote sita.

Tatizo lilikuja mpunga ulipokomaa. Bata walishuka jioni kama kawaida yao, kundi kubwa, nami nikasimama na kombeo nikashindwa. Nitajuaje yupi ni yupi? Wakiinama wote ni mikia. Nilitundika kombeo kwenye mti na halijashuka. Sasa naingia jarubani na kuwaambia watoke. Majirani wanagonga madebe, na bata wote wa kwao wanahamia kwangu, mahali penye adabu. Msimu ule nilivuna kidogo sana.

Siku moja mtani alipita na ndoo kichwani, akanikuta.

"Mtazame! Mgogo anawaomba bata ruhusa ya kulima!"

"Mtani," nikasema, "njoo nikuulize." Lilikuwa limenikaa rohoni toka siku ile. "Zile kamba za kombeo kuning'inia. Alikwambia mwenyewe? Alijua kweli? Au ulibuni pale pale?"

Alishusha ndoo. Nilidhani atanicheka. Hakucheka.

"Kombeo gani halina kamba?" alisema.

"Kwa hiyo ulibuni."

"Sijasema hivyo." Alipandisha tena ndoo kichwani. "Yaliyosemwa na mtani msibani hayaulizwi njiani. Ngoja nife mimi. Uje uvae kanga yangu, uingie kaburini kwangu, useme yote unayojua, na watu wacheke. Usipowachekesha, nakuapia, siingii humo. Watabaki na mimi juu."

"Mimi sijui kuchekesha."

"Basi jifunze. Sina muda mrefu, goti hili limeshaanza."

Akaenda zake.

Kwa hiyo ninajifunza. Jioni, bata wakishuka, nasimama jarubani maji yakinifika magotini na kuwatania. Nawaambia babu zao walibeba mizigo. Nawaambia midomo yao imepakwa rangi na harusi imeahirishwa. Hawacheki. Wengi wanainama tu na kunigeuzia mikia. Lakini wapo wanaosikiliza kidogo, kisha wanaruka na kuondoka, na sehemu hiyo mpunga unapona.